Kifo cha paka wetu Duka kule Gesima, na jirani aliyebeba lawama

Wakuu, poleni na shughuli. Nawaandikia kutoka Kisii town. Mvua inapiga mabati tangu mchana na sina pa kwenda, kwa hivyo leo mtanivumilia.

Juzi kuna kijana alileta uzi humu akisema paka wake amekufa na hana hata nguvu ya kwenda kazini. Mkamcheka mpaka akanyamaza. Mmoja wenu, nakukumbuka wewe mwenye picha ya simba, ukamwambia aunde kamati ya mazishi. Mimi sikucheka. Nilimkumbuka mama yangu.

Sasa nawapa kisa cha kweli. Sitaongeza chumvi, maana wenyewe karibu wote wameshalala na hawawezi kuja hapa kunisahihisha.

Nilizaliwa Gesima, upande wa Nyamira. Mkisikia Gesima siku hizi mnafikiria majani chai. Wakati ninaoongelea, miaka ya sitini ikielekea mwisho, chai ilikuwa ya wachache. Sisi wengine tulikuwa watu wa pareto. Yale maua meupe madogo yenye katikati ya njano, unayachuma, unayaanika kwenye mkeka mpaka yakauke, unapeleka sosaiti, yaani chama cha ushirika, wanakulipa. Mimi nimeyachuma tangu nikiwa mdogo kuliko kikapu. Vidole vyetu vilinuka pareto hata Sabato kanisani.

Baba alikuwa anafanya kazi kwenye mashamba ya chai kule Kericho. Alikuja nyumbani mara chache, akileta sukari na sheria. Mama ndiye alikuwa nyumbani na sisi watoto. Mimi ni Kerubo, kifungua mimba, kwa hivyo watu walimuita Mama Kerubo, na mimi pia hapa nitamuita hivyo nikitaka.

Paka alikuja namna hii.

Mama alikuwa akipeleka mayai Kisii town, kwa duka moja la Wahindi. Mwenye duka alikuwa mtu wa kelele, lakini mke wake alikuwa mpole na alimpenda mama. Sijui walikuwa wanaelewana vipi. Kiswahili cha mama kilikuwa cha kununua chumvi na kiberiti tu, na cha yule mama wa Kihindi hakikuwa mbali na hapo. Lakini walikuwa wanakaa kwenye gunia la mchele wakiongea kwa mikono na kucheka, mpaka mwenye duka akohoe.

Siku moja mama akarudi na kikapu kimefunikwa leso. Tukadhani ni mkate. Leso ikasogea yenyewe. Ndani kulikuwa na paka mchanga wa rangi ya chungwa, kifua cheupe, amekasirika sana.

Nyumbani kwetu paka alikuwa mfanyakazi. Kazi yake ni panya wa wimbi na mahindi, basi. Hakuna aliyempa paka jina. Aliitwa ekemoni, yaani paka, akikufa anatupwa mbali anatafutwa mwingine. Huyu wetu alipewa jina siku hiyo hiyo, kwa sababu kila mtu aliyepita aliuliza, huyu ametoka wapi, na sisi tukajibu, dukani. Basi akawa Duka.

Tulimuita kwa Ekegusii, akatuangalia tu kama tumekosea nyumba. Mama akakumbuka vile yule mama wa Kihindi alikuwa akimuita, midomo ikibusu hewa na neno moja fupi ambalo mpaka leo sijui maana yake. Duka akaja mbio. Kwa hivyo wakuu, sisi watu wa Gesima, ambao hata Kiswahili kilikuwa kinatushinda, tulikuwa tunamuita paka kwa Kihindi. Wageni walikuwa wanashangaa sana.

Na huyo paka alimpenda mama. Sisi wengine alituvumilia.

Mama akienda kuchuma pareto, Duka naye yumo katikati ya mistari, mkia juu. Mama akihama mstari, naye anahama. Mama akichoka akakaa chini, Duka anapanda mapajani na kufunga macho. Nilikuwa namsikia mama akimuongelesha. Mambo ya baba kukaa Kericho miezi, mambo ya mgongo, mambo ambayo hakutuambia sisi wala kuwaambia wanawake wenzake. Alidhani sisikii.

Mama hakuwa mtu wa kushika watoto. Alitulisha, akatuogesha, akatuchapa, akatusomesha. Kukumbatia hakukuwa kwake. Lakini mkono wake ulikuwa hautoki kwa yule paka. Niliona wivu, nasema ukweli, halafu nikazoea, halafu nikampenda Duka kwa sababu alimfanya mama awe laini kidogo.

Sasa nije kwa jirani.

Boma lililofuata letu lilikuwa la Mama Moraa. Mume wake alikuwa fundi wa cherehani huko soko la Magwagwa, anarudi nyumbani wikendi. Moraa binti yake alikuwa rika langu, tulikuwa tunalala kwao, wanalala kwetu, sikujua tofauti ya jiko lao na letu. Mama na Mama Moraa walikuwa kwenye egesangio moja. Kwa wasiojua, egesangio ni wanawake wa karibu wanaungana, leo wanalima kwa huyu, kesho kwa yule, na mwenye shamba anawapikia. Bila hilo kundi pareto yako inaiva mpaka inaharibika shambani. Mikono ya mtu mmoja haitoshi.

Mama Moraa alikuwa na mdomo. Tena mkubwa. Duka alipokula vifaranga vyake, na kweli alivila, mimi nilimuona, yule mama alisimama kwenye mpaka wa shamba akasema watu wote wakisikia: "Mama Kerubo, fungia hiyo shetani yako ya Wahindi. Siku moja nitaipatia kitu."

Mama alicheka. Akapeleka kuku mmoja kama fidia, wakanywa uji pamoja, jambo likaisha.

Baadaye baba akaja likizo.

Duka alikuwa analala ndani, miguuni pa kitanda. Baba alilala usiku mmoja tu, asubuhi shingo imejaa alama za viroboto. Akasema paka alale nje au aondoke kabisa. Na kwa baba jambo likisemwa limesemwa. Nje kulikuwa na mbwa wa watu na wanyama wa msituni, na Duka alikuwa paka wa dukani, hajui kupigana.

Mama hakubishana. Alienda kwenye gunia la pareto.

Wakuu, lazima muelewe pareto ilikuwa nini kwetu. Ndiyo ilinivalisha sare ya shule. Kuku wakiwa na chawa, unasaga maua makavu unawapaka. Mbu wakizidi, unachoma kidogo kwenye gae, wanaondoka. Tulikuwa tunachuma na mikono hiyo hiyo tunakula ndizi bila kunawa. Kila mtu alijua inaua wadudu, na hakuna aliyewahi kuona imedhuru kitu kingine. Mama angeogopa nini?

Akasaga maua mengi, si kidogo. Unga ukawa unapeperuka kwenye manyoya, haushiki. Mama akafikiri, akachota samli, akachanganya, akamkanda Duka nayo kutoka shingoni mpaka mkiani. Polepole, kama anapaka mtoto mafuta. Nilikuwa nimekaa kwenye kinu nikitazama.

Duka alitulia kabisa. Akimaliza kupakwa upande huu, yeye anajilamba. Mama akasema, ona vile amefurahia.

Asubuhi tulimkuta chini ya kitanda anatetemeka. Masikio yanacheza, miguu inaruka yenyewe, mate yanatoka. Mama akampa maziwa, maana tuliambiwa maziwa yanakata sumu. Hakuweza kumeza. Mama akamfunga kwenye leso akamshika kifuani, akaketi mlangoni kwenye jua, akawa anafanya ile sauti ya midomo, na lile neno la Kihindi, tena na tena. Chai ya baba ilichemka mpaka ikakauka.

Alikufa kabla ya mchana, mikononi mwake.

Baba, ambaye nimemsema vibaya hapo juu, alichukua jembe bila kuulizwa akachimba shimo nyuma ya migomba. Hakuna mtu kwetu aliyekuwa amewahi kuzika paka. Watu waliopita njiani walisimama wakatazama, na kufikia jioni kijiji kizima kilijua Mama Kerubo amezika paka kama mtu.

Na mama alikuwa bado hajalia. Alikuwa anafikiria. Nilimuona akifikiria, na nilijua amefika wapi aliposema, kama anajisemea: "Alisema atampatia kitu."

Nikiwa mtoto sikuona shida yoyote na hiyo hesabu. Paka mzima, kijana, anashiba, anakufa kwa siku moja na mapovu. Hiyo ni sumu. Nani alisema atampa kitu? Hata baba alikubali. Gunia la pareto lilikuwa pale nyuma ya mlango na sote tulikuwa tunalipita tukiingia na kutoka.

Wiki iliyofuata egesangio ilikuwa zamu yetu. Wanawake wakaja, na Mama Moraa akaja na kikapu chake. Akamfuata mama katikati ya mistari akamwambia pole kwa paka. Nilikuwa karibu, nimembeba mdogo wangu mgongoni. Sauti yake ilikuwa ya upole kabisa, hata ule mdomo wake alikuwa ameuacha nyumbani.

Mama akainuka. "Pole ya nini? Ulisema utampatia kitu. Si umempatia?"

Mama Moraa akasema, "Mimi?"

"Mtu anayeweka sumu ya paka leo, kesho ataweka ya nani?"

Hapo mikono yote ikasimama. Ninyi wa miji mingine labda hamjui uzito wa hilo neno kwetu. Mtu akikuita mwizi, unaweza kujitetea, watu watasahau. Ukiitwa mwenye sumu, hiyo haitoki. Hakuna atakayekupiga wala kukutukana. Watakusalimia vizuri tu. Ila hawatakula kwako.

Na ndivyo ilivyokuwa.

Zamu ya Mama Moraa ilipofika, wanawake walienda wakalima, maana kukosa kwenda ni deni. Mimi pia nilienda. Mchana Mama Moraa akatoa chakula. Obokima, yaani ugali wetu wa wimbi, moto, umesongwa vizuri, na chinsaga, ile mboga ya mgagani, iliyolala kwenye maziwa usiku kucha mpaka uchungu umetoka. Alikuwa mpishi yule mama, jameni. Harufu ilinifanya nikasogea.

Mama akanitazama. Nikarudi nyuma.

Mmoja akasema tumbo linamsumbua. Mwingine akasema ameacha mtoto na homa, lazima akimbie. Mwingine akasema anafunga, na haikuwa siku ya kufunga. Wote walikuwa wanaangalia chini.

 Mama Moraa akanawa mikono mbele yetu. Akaketi, akakata tonge, akachovya mboga, akala. Akakata lingine. Alikula taratibu hivyo, peke yake, wanawake wakimwangalia, akitaka waone. Moraa alisimama mlangoni na maji ya kunawa, akingoja mtu anyooshe mikono. Hakuna aliyenyoosha. Alinitafuta kwa macho, nikajifanya namrekebisha mtoto mgongoni.

Halafu yule mama akabeba sufuria akarudisha ndani.

Baada ya hapo zamu yake ikaanza kurukwa. Hakuna aliyetangaza, ilirukwa tu. Msimu huo pareto yao iliiva ikageuka rangi shambani, yeye na Moraa wakichuma wawili. Mama aliona. Mpaka wa mashamba ulikuwa ua la miti tu. Alikuwa anachuma akiwapa mgongo.

Mwishowe yule fundi wa cherehani akaja siku ya kazi, akafunga vitu, akampeleka mke na watoto Magwagwa. Shamba akaachia kaka yake. Moraa hakuniaga, na mimi sikuenda kumuaga.

Nataka niseme kitu kuhusu Duka hapa, kisha niendelee. Hatukumlilia. Mnaona? Mama alikasirika badala ya kulia. Mambo yote ya yule paka, kutembea kwenye mistari, kulala mapajani, lile neno la Kihindi, yalifungwa siku hiyo hiyo, na lililobaki mdomoni ni Mama Moraa, Mama Moraa. Mke wa mwenye duka alipouliza habari zake, mama alisema paka aliuawa na adui. Yule mama wa Kihindi akalia pale pale dukani. Mama akamwangalia tu, macho makavu.

Na kwa miaka mingi hakufuga paka tena. Panya walitumaliza.

Miaka ikaenda. Nikasoma, nikapata kazi ya kupiga taipu ofisini hapa Kisii, nikaolewa. Hapo ilikuwa miaka ya sabini, karibu na mwisho. Mume wangu alikuwa mtu wa mifugo, anazunguka kwa pikipiki akichanja ng'ombe wa watu. Siku moja tukaenda Gesima kuwaonyesha mtoto wetu wa kwanza.

Tukakuta mama ana paka mdogo, mweusi. Amekubali mwishowe, kwa ajili ya panya. Na kwa vile mjukuu anakuja, hakutaka viroboto. Nilimkuta jikoni na bakuli.

Kwetu mkwe na mama mkwe wana heshima yao. Mume wangu hangeingia jikoni kwa mama, wala hangesema naye uso kwa uso jambo la kumpinga. Alikuwa nje, kwenye kivuli cha nyumba, lakini mlango ulikuwa wazi na aliona. Akaniita. Nikatoka.

"Ni nini anachanganya?"

"Pareto na samli. Ya viroboto."

Akashusha sauti. "Enda umwambie aache. Kuku ni sawa, ng'ombe ni sawa. Paka hapana. Paka anajilamba mwili mzima, na hiyo samli ndiyo inamfanya alambe yote. Atatetemeka mpaka afe."

Hakujua lolote kuhusu Duka. Sikuwahi kumwambia, kwa nini ningemwambia mtu habari za paka wa zamani?

 Wakuu, nilifikiria kumpokonya mama bakuli na kusema limeingia nzi. Haki nilifikiria. Lakini mama hakuwa mtu wa kudanganywa, na angechanganya lingine kesho yake.

Nikaingia nikamwambia. Nilisema haraka, vile vile nilivyoambiwa, mpaka nikafika kwenye kutetemeka.

Mama alikuwa ameshachota kwa vidole. Akaangalia vidole. Akauliza, "Masikio pia?"

Nikasema sijui.

Akasema, "Masikio yalikuwa yanacheza."

Akatoka nje akajifuta mikono kwenye nyasi. Alijifuta sana. Halafu akaenda nyuma ya migomba, na huko ndiko nilimsikia, kwa mara ya kwanza, akimlilia yule paka. Sikumfuata. Mume wangu aliniuliza kuna nini, nikamwambia ni furaha ya mjukuu.

Alipoosha uso akarudi, hakutaja Duka. Alisema, "Mama Moraa alikula peke yake."

Nikamwambia twende Magwagwa. Si mbali hivyo. Pikipiki iko, tutaenda na kurudi siku moja. Akasema ndiyo, tutaenda, lakini si mikono mitupu. Angoje kuku akue.

Kuku akakua. Akasema amalize kuchuma kwanza. Akamaliza. Mvua ikaja, njia imeharibika. Mvua ikaisha, mgongo. Kila nikienda nyumbani namuuliza, kila mara kuna kitu. Siku moja nikakasirika nikamwambia mama, wewe hutaki kwenda. Akaniambia, "Kerubo, nikifika mlangoni nianze na neno gani? Nimwambie ni mimi niliua paka wangu, na wewe nikakuua ukiwa mzima?"

 Sikumuuliza tena. Hapo ndipo ningemshika mkono nikamvuta, lakini ni rahisi kusema leo.

Mama Moraa aliugua ghafla. Sisi tulisikia amekufa kabla hatujasikia ameugua.

Na mnajua desturi. Mke anazikwa kwa mume, kwenye boma la mume. Hata ungeishi Magwagwa miaka yote, utarudishwa. Kwa hivyo Mama Moraa alirudi Gesima, ng'ambo ya ua letu, kwenye ile ile nyumba, akiwa kwenye sanduku.

Mama alivaa nguo yake ya kanisani. Tulikaa nyuma. Watu waliongea, ndugu, kanisa, watu wa sokoni Magwagwa waliosema marehemu alikuwa mkarimu, kwamba mtu hakupita kibandani kwao bila kulishwa. Mama alikuwa anasikiliza na mikono imekaa mapajani.

Msimamizi akauliza kama kuna jirani mmoja wa kuongea kifupi. Kabla wazee hawajateua mtu, mama alikuwa ameshasimama.

Akaongea kwa Ekegusii, sauti haitetemeki. Akasema mimi ni Mama Kerubo wa hapa ng'ambo. Wengi wenu hapa mlikuwa kwenye shamba langu siku niliyosema huyu mama ameweka sumu. Nilisema mbele yenu, kwa hivyo narudisha mbele yenu. Hakuweka kitu. Paka wangu alikufa kwa pareto yangu, niliyosaga mimi, nikampaka mimi, kwa mkono huu.

Vijana wakaanza kucheka. Siwalaumu sana. Watu wako kwenye mazishi, kaburi liko wazi, na mama mzima anaongea habari ya paka. Mzee mmoja akasema, mama keti, hii si siku ya mambo hayo. Mama akasema hana siku nyingine. Akaendelea mpaka mwisho. Alitaja samli. Alitaja kile chakula ambacho hakikuliwa, na aliwataja wanawake waliokuwepo kwa majina, mmoja baada ya mwingine, na jina lake mwenyewe akaliweka kwanza. Wale wazee wa kike hawakucheka. Walikuwa wameinamisha vichwa vile vile kama siku ile.

Halafu akaketi. Msimamizi akaomba wimbo haraka haraka.

Baada ya kuzika, Moraa alikuja. Sikuwa nimemuona tangu utoto, alikuwa mama mzima, amejaa, macho ni ya mama yake. Nilidhani anakuja kutufukuza. Alimsalimia mama kwa heshima, akamshika mikono yote miwili.

Akasema, "Mama, asante umesema. Lakini sisi wengine tulishazoea. Aliyekuwa anangoja ni yeye."

Akaachilia mikono, akaenda kwa wageni wake.

Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo, na hakuna siku aliniambia kwamba siku ile ilimpunguzia chochote. Nilimuuliza mara moja. Akasema aliwaambia Moraa na kijiji, yule mwenyewe hakusikia.

Ndiyo hiyo wakuu. Funzo nililopata si kubwa. Mnyama akifa, mlilie. Lia kwanza, vizuri, mpaka umalize, kabla hujaanza kutafuta nani amefanya. Na wewe kijana ambaye paka wako amekufa, kama bado unasoma humu, pole sana mwanangu. Niambie alikuwa anaitwa nani.

Wengine karibuni mseme yenu, hata mkitaka kunicheka nichekeni, nimezoea. Ila kama kuna mtu ulimsema vibaya na sasa unajua ulikosea, na huyo mtu bado anapumua, usiandike kitu hapa. Funga simu uende kwake leo, hata mikono mitupu.